Mtoto Amelala: Je, Dawa Imefaulu?

Sauti tatu zimealikwa katika mjadala huu, na ya nne ni yangu mwandishi. Ya kwanza ni ya mama mwenye mtoto wa wiki saba. Ya pili ni ya bibi anayekanda wazazi na vichanga, wa aina ambayo hakuna mtaa wa pwani unaoikosa. Ya tatu ni ya tabibu wa tiba mbadala, mwenye duka la mafuta, unga na matone, ambaye pia hunyoosha migongo. Hawa si watu fulani wenye majina. Ni hoja zinazosikika kila siku kwenye foleni ya kliniki na kwenye chumba cha mzazi, na nimeziacha ziseme kwa nguvu zote kwa sababu nakusudia kuzijibu kwa nguvu zote.

MAMA: Mtoto wangu ananyonya vizuri na mchana analala. Ikifika magharibi anaanza kulia, hanyamazi mpaka saa sita za usiku, na nikimweka kitandani anashtuka. Kliniki wamempima, uzito unapanda, wananiambia hana tatizo. Likizo yangu ya uzazi inakwisha. Kila ninayemweleza ana dawa yake: huyu matone, huyu mafuta, huyu fundi wa mgongo, huyu anasema ni mchango. Basi kwa nini nisijaribu? Kujaribu kunaharibu nini?

MWANDISHI: Tuanze na kilio chenyewe, mama, kwa sababu tiba zote hizo zinauzwa kwa jina lake. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za kilio cha watoto 80 wenye afya, zilizoandikwa na mama zao siku baada ya siku. Kilio kiliongezeka wiki hadi wiki, kikafika kilele karibu na wiki ya 6 kwa wastani wa takriban saa mbili na dakika 45 kwa siku, kikawa kikali zaidi nyakati za jioni, kisha kikashuka sana kufikia wiki ya 12. Wengine walioutafuta mwenendo huo mahali pengine waliuona. Hata miongoni mwa Wakung, wawindaji wa Kalahari ambao hubeba watoto wao karibu kutwa nzima, vichanga hulia mara nyingi zaidi katika wiki hizo hizo za mwanzo, ingawa kila kilio hukatika upesi. Usingizi nao una ratiba yake. Mtoto anazaliwa bila saa ya mwili ya kutenganisha usiku na mchana, na saa hiyo hujijenga taratibu kuanzia kama mwezi wa pili au wa tatu. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 38 ya watoto wa miezi 6 walikuwa bado hawalali saa 6 mfululizo usiku, na kwa watoto wa mwaka mmoja walikuwa asilimia 28. Kwa hiyo uliyoambiwa kliniki ni kweli, ingawa uliambiwa kwa ufupi mno. Mtoto wako yupo kileleni hasa.

Sasa angalia hilo linavyoathiri kila ushuhuda wa tiba utakaosikia. Mzazi hamtafuti tabibu mtoto akiwa na siku kumi. Anamtafuta maji yanapomfika shingoni, yaani wiki ya sita, ya saba, ya nane. Baada ya hapo kilio kitapungua hata kama hakuna lolote lililofanyika. Dawa yoyote itakayotolewa kileleni itafuatiwa na nafuu, na nafuu hiyo itahesabiwa kuwa ya dawa. Wote watakaosimulia watasema kweli tupu: nilimpa, akalala. Madaktari wa Bergen, Norway, walilitambua tatizo hili, na mwaka 2001 wakachapisha jaribio lao juu ya kairopraktiki, tiba ya kusukuma na kunyoosha uti wa mgongo. Watoto 86 wenye kilio kikali waligawanywa kwa kura. Wazazi walibaki nje ya chumba bila kujua mtoto wao anafanyiwa nini. Ndani, nusu yao walinyooshwa mgongo na fundi mwenye ujuzi, na wengine walibebwa tu na muuguzi kwa dakika kumi. Katika waliotibiwa, wazazi wa karibu asilimia 70 waliona nafuu. Katika waliobebwa tu, asilimia 60. Tofauti hiyo, kwa watoto wachache kiasi hicho, inaweza kuletwa na bahati peke yake.

TABIBU: Hata kwa hesabu yako, saba kati ya kumi walipata nafuu mikononi mwa fundi. Wewe unataka mama huyu akae nyumbani na karatasi ya takwimu huku mtoto analia. Tiba yetu haimwangalii mtu kama mashine, inamtazama mtoto, mama yake na nyumba yao. Mzazi aliyeona kwa macho yake mtoto amelala usiku kucha ana ushahidi kuliko jedwali lolote la Ulaya.

MWANDISHI: Ndugu tabibu, kwamba wengi hupata nafuu silikatai, na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Jopo la Cochrane, la watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, lilikusanya mwaka 2012 majaribio sita ya tiba za kunyoosha mwili kwa watoto wenye kilio cha mchango, yakiwa na watoto 325 kwa jumla. Yote yakichanganywa, kilio kilionekana kupungua. Walipobakiza yale tu ambayo wazazi hawakujua mtoto yupi ametibiwa, tofauti ilififia hadi isiweze kutegemewa. Huko Victoria, Australia, baada ya video ya kichanga akining'inizwa kichwa chini na fundi wa kairopraktiki kusambaa, serikali iliagiza uchunguzi. Ripoti ya mwaka 2019 haikupata ushahidi wenye nguvu kwamba kunyoosha uti wa mgongo wa watoto kunasaidia. Ni haki kusema pia kwamba haikukuta visa vingi vya madhara. Kama mjadala ungekuwa juu ya kupoteza pesa tu, ningeishia hapo.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Sisemi kwamba tiba za kumlaza mtoto hazifanyi kazi. Zipo zinazofanya kazi sawasawa, na hizo ndizo ninazoziogopa. Kichanga hulala kwa kushiba na kwa kutulizwa. Hulala pia kwa kuleweshwa, kwa sumu, kwa homa kali, kwa sukari kushuka mwilini, kwa nguvu kumwishia. Ukimtazama kutoka mlangoni, usingizi wote huo unafanana. Ndiyo maana swali la "je, alilala?" haliwezi kuwa kipimo cha tiba, hata likijibiwa na mama mwenye macho makali na moyo mweupe.

Ushahidi wa hili umeandikwa katika karne mbili zilizopita. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, akina mama waliolazimika kurudi kwenye mitambo muda mfupi baada ya kujifungua walinunua dawa iliyoitwa Godfrey's Cordial, sharubati tamu yenye afyuni. Kuanzia mwaka 1849 Marekani ikapata ya kwake, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yenye mofini na kileo. Zilifanya kazi. Watoto walilala mchana kutwa, wakalala hata wakati wa kunyonya ulipopita, wakakonda, na wengi hawakuamka. Chama cha madaktari wa Marekani kiliiorodhesha sharubati hiyo miongoni mwa wauaji wa watoto katika kitabu chake cha mwaka 1911. Nawataja hao kwa sababu mama zao hawakuwa wajinga wala wakatili. Walikuwa katika hali ile ile ya mama tuliyemsikia: kazi inaita, mtoto analia, na muuzaji ana chupa.

Wala si mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Oman na nchi jirani za Ghuba, ambazo pwani yetu imeoana nazo kwa damu na biashara, kuna jiwe linaloitwa bint al-dhahab. Husagwa, likachanganywa na asali na samli, akapewa mtoto mchanga kutibu tumbo. Maabara zilipolipima zilikuta ni madini ya risasi karibu matupu. Kuwait nako, mwaka 1981, madaktari walieleza vichanga 20 walioumia ubongo kwa risasi. Wanja wa machoni ulihusika, na pia moshi wa buhuri iliyochanganywa na madini hayo, iliyochomwa ili kumtuliza mtoto. Risasi haina harufu ya kumshtua bibi. Mtoto anaweza kutulia kwa siku kadhaa kabla ya degedege la kwanza. Na kama unadhani chupa yenye lebo ya kisasa ni salama zaidi, sikiliza hili. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi waache vidonge vya homiopathi vya kutuliza watoto wanaoota meno, na mwanzoni mwa 2017 ikatangaza kwamba vipimo vya maabara vimekuta ndani yake beladona, mmea wenye sumu, kwa viwango visivyolingana, vingine vikipita mno kile kilichoandikwa kwenye lebo.

BIBI: Mwanangu, afyuni na mawe sisi hatujui. Sisi tunakanda kwa mafuta ya nazi. Tunamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, tunamnyoosha mikono na miguu, tunamsugua tumbo upepo utoke, tunamfunga mbeleko mgongoni. Kidogo tunamlambisha asali, au maji ya shamari, tumbo likae sawa. Nyinyi wote mlilelewa hivyo, na mko hai mnaandika magazeti.

MWANDISHI: Shikamoo, Bibi. Katika haya uliyotaja, mengi nayatetea pamoja nawe, na watafiti wa mbali wamekuwa wakiyafikia kwa kuchelewa. Huko Montreal mwaka 1986 waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata kama hawalii. Kufikia wiki ya 6, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. (Kwa mtoto ambaye kilio chake kimekwisha kuwa kikali, jaribio jingine halikuona faida hiyo, kwa hiyo mbeleko ifungwe mapema, isingoje balaa.) Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani waliwapima mapigo ya moyo vichanga 21 wakiwa mikononi mwa mama zao, wakaona kwamba kutembea naye dakika tano bila kusimama hutuliza kilio kuliko kukaa naye, na kwamba aliyesinzia asiwekwe kitandani papo hapo. Mama akae naye dakika tano hadi nane, maana moyo wa mtoto hushtuka pale anapotengana na mwili uliombeba. Mama wa mtoto wa wiki saba atanufaika na hilo leo hii bila kununua kitu.

Kuhusu kukanda, ushahidi ni mwembamba lakini unaelekea upande wako. Jopo la Cochrane lilipitia mwaka 2013 tafiti 34 za kukanda watoto chini ya miezi 6, likalalamika kwamba nyingi zilifanywa kwa ubora hafifu. Utafiti mdogo wa Israeli wa mwaka 2002 uliona kwamba watoto waliokandwa na mama zao jioni kwa siku 14, walipofika wiki ya 12, walikuwa wakitoa usiku melatonini nyingi zaidi, ile homoni ya usingizi, kuliko ambao hawakukandwa. Sitajenga nyumba juu ya utafiti mmoja mdogo. Ninachoona ni kwamba mkono wenye mafuta hauna cha kupoteza: hauingii tumboni mwa mtoto, hauchelewi kuondolewa, na mtoto asipoupenda atasema mwenyewe kwa kulia. Hata hivyo kuna mikono mikali, Bibi, nawe unaijua. Kumkamua kichanga chuchu kunaleta jipu. Kubonyeza utosi, kumning'iniza kwa miguu, kumtikisa na kumzungusha shingo havina nafasi katika ukandaji wa mtoto ambaye kichwa chake bado hakijakaza.

Ninapoachana nawe ni kwenye kijiko. Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kwa kulambisha ncha ya kidole. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda lakini kwa kichanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Na mtoto huyo, kabla hajashindwa kupumua, huonekana mpole, mlegevu, asiyelia sana. Shamari ni habari tofauti kidogo, na singependa kuionea. Nchini Urusi mwaka 2003 jaribio la watoto 125 lililotumia mafuta ya mbegu za shamari yaliyopimwa lilionyesha kilio kikipungua zaidi kuliko kwa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Vilevile, matone ya bakteria aitwaye Lactobacillus reuteri, yalipochambuliwa majaribio yake mwaka 2018 kwa watoto 345, yaliwasaidia wanaonyonya ziwa la mama na hayakuonekana kuwasaidia wanaotumia maziwa ya kopo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kila kisicho cha hospitali ni uongo. Lakini kilichopimwa kule ni kiasi kinachojulikana, cha kitu kinachojulikana. Maji ya shamari ya jikoni leo ni mazito na kesho ni mepesi, na yanajaza tumbo dogo ambalo lilitakiwa kujaa maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Viungo navyo hufanana. Mwaka 2003 Marekani ilitahadharisha juu ya chai za anisi nyota baada ya watu kama 40 kuugua, wakiwamo vichanga kama 15, wengine wakipata degedege, kwa sababu aina ya Kichina isiyodhuru inaweza kuchanganyika na ya Kijapani yenye sumu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Hata gripe water, chupa ambayo haikosekani katika duka la dawa kuanzia Mombasa hadi Mbeya, historia yake inafundisha. Ilianza Nottingham mwaka 1851 kwa mkono wa mfamasia William Woodward, na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa na kileo. Uingereza ilikiondoa mwaka 1992. Vizazi vya akina mama viliapa kwamba inawatuliza watoto, na bila shaka iliwatuliza.

TABIBU: Unataja makosa yetu kana kwamba hospitali haina ya kwake. Nani aliyewapa watoto dawa zikaja kupigwa marufuku? Na mimi si mtu wa kichochoroni. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ina Baraza lake, na nimesajiliwa. Unanihukumu kwa kipimo ambacho madaktari wenyewe hawajajipimia.

MWANDISHI: Hapo umesema kweli, na nitakuongezea kosa kubwa kuliko yote uliyofikiria. Kwa miongo kadhaa madaktari wa nchi tajiri waliwaambia wazazi wamlaze mtoto kifudifudi. Matoleo ya kitabu maarufu cha malezi cha Benjamin Spock yalibeba ushauri huo kuanzia miaka ya 1950. Waliogopa mtoto asipaliwe na matapishi, na kweli mtoto aliyelala kifudifudi hulala kwa muda mrefu zaidi na haamki ovyo. Mama waliofuata ushauri huo walimwona daktari ni bingwa. Kumbe wepesi wa kuamka ndio unaomlinda kichanga: pumzi ikikatika au hewa ikipungua, mtoto anayeamka kirahisi hugeuza kichwa, hulia, hupumua. Yule mwenye usingizi mzito hafanyi hivyo. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya vichanga vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Wachambuzi walioandika mwaka 2005 walionyesha kwamba ushahidi ulikuwa tayari umetimia kufikia mwaka 1970, na kwamba kama ungekusanywa wakati huo, vifo zaidi ya 10,000 vingeepukika Uingereza, na angalau 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Silitaji hili ili tushindane nani ameua wengi. Nalitaja kwa kuwa ni hoja yangu ile ile, safari hii hospitali ikiwa mshtakiwa. Madaktari nao walidanganyika na usingizi mzito. Kilichowaokoa watoto haikuwa heshima ya koti jeupe. Ni kuhesabu: nani alilazwa vipi, nani alikufa, bila kujali kama hesabu inamwaibisha mkubwa. Kipimo hicho ndicho ninachokuomba ujipimie, ndugu tabibu, na nakiri hakuna anayekifurahia. Usajili wako unamwambia mama pa kukupata. Haumwambii kilichomo katika unga. Basi akuulize: dawa hii yenyewe imesajiliwa? Imepimwa risasi na kemikali nyingine? Kiasi hiki cha mtoto wa kilo nne kilipatikanaje? Nani anaandika majina ya watoto walioitumia wakazidiwa? Ukiwa na majibu, mwonyeshe. Ukiwa huna, usimwambie kwamba ni salama kwa sababu ni ya miti shamba. Na lipo jambo moja ambalo halisubiri majibu, nalo ni wembe. Wapo watoto Tanzania, Kenya na Uganda wanaong'olewa vichipukizi vya meno kwa jina la meno ya plastiki, na wapo wanaokatwa kimeo, kwa sababu ya homa, kuhara, kikohozi na kilio kisichokoma. Hakuna ugonjwa uitwao meno ya plastiki. Kinachovimba katika ufizi ni jino lenyewe likiwa njiani, na kinachobaki baada ya kung'olewa ni kidonda, damu iliyopotea, na ugonjwa wa kwanza ambao bado haujatibiwa.

Hilo la kuchelewesha ndilo linalonikera kuliko pesa na kuliko ushirikina. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, aliyekataa kunyonya, anayetapika matapishi ya kijani, aliyelegea, aliyevimba utosi, anayepumua kwa kuvuta mbavu, au ambaye kilio chake kimebadilika ghafla kikawa chembamba na kisichotulizika, si mtoto wa kujaribiwa mafuta. Huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Tiba mbadala inayompeleka haraka ninaiheshimu. Inayosema ni zongo la jicho la husuda au mchango, tumpe siku tatu, imempokonya muda.

MAMA: Nimekuelewa. Nisimpe kitu kinywani, nisimkubalie mtu wembe wala kumzungusha shingo, nimlaze chali, nimbebe, nimkande. Lakini nikifanya yote hayo, bado atalia kesho magharibi. Mimi nalala lini?

MWANDISHI: Hilo ndilo swali ambalo tiba zote hizi zinalizunguka, na naona uchungu kwamba mama huambiwa amtibu mtoto ili yeye apone. Mtoto wako haumwi. Anayeumia kwa kukosa usingizi ni wewe, na usingizi wako hautapatikana kwa kumbadilisha mtoto wa wiki saba. Utapatikana kwa mtu mwingine kuwa macho. Pwani yetu ilikuwa na jibu lake. Mzazi alikaa arobaini ndani huku mama, dada, shangazi na mkandaji wakipokezana mtoto, naye akala, akakandwa, akalala. Leo wengi wanajifungulia mjini katika chumba kimoja, shangazi yuko mkoani, na zamu ya watu watano imebaki kwa mmoja. Duka la matone limeingia pale watu walipotoka. Baba hana maziwa, lakini ana mikono, mgongo na miguu. Matembezi yale ya dakika tano hayahitaji kingine. Mtoto akimaliza kunyonya saa tatu za usiku, mwanamume amchukue, ambebe, atembee naye, amrudishe atakapodai ziwa, na mama awe amelala chumba kingine au angalau masikio yakiwa yamezibwa. Kilio kikizidi hata huyo naye akaona hasira inapanda, amweke mtoto chali mahali salama, afunge mlango, akae nje hadi atulie. Kichanga hafi kwa kulia dakika kumi, lakini anaweza kufa kwa kutikiswa mara moja. Baada ya miezi kadhaa, saa ya mwili ikishajengeka, utaratibu ule ule kila jioni wa kuoga, kupakwa mafuta na kutulizwa gizani husaidia. Utafiti wa mwaka 2009 uliwafuata akina mama 405, na watoto walioshikishwa utaratibu huo walisinzia upesi zaidi na kuamka mara chache. Ulilipiwa na kampuni inayouza sabuni na mafuta ya watoto, jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua, ila maji na mafuta ya nyumbani hayamdai mtu.

Na lipo jambo moja zaidi, ambalo namwambia mama peke yake. Kama hata mtoto akilala wewe hulali, kama unalia bila kujua unalilia nini, kama umeanza kuona ingekuwa heri usiwepo, au umepitiwa na wazo la kumdhuru mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, unatibika, na haumaanishi kwamba humpendi mwanao. Kliniki ya watoto watampima mtoto uzito, watajaza kadi, na mara nyingi watakurudisha bila kukuuliza wewe unalalaje. Waambie kabla hawajaifunga hiyo kadi.